Barua ya wazi kwa viongozi wa dini na wazee wa mila wa Bukavu: mnapotangaza mfungo, wataje na wasiofunga

Kwa Baba Askofu na mapadri, kwa wachungaji na mashemasi, kwa maimamu, kwa wazee wa mila wa Bushi, Buhavu na Bulega, kwa wakuu wa shule za makanisa na za waislamu, na kwa wote mnaosimamia afya katika Ibanda, Kadutu na Bagira.

Wakubwa wetu, tunawasalimu kwa heshima.

Sisi ni wauguzi, wakunga na watu wa lishe. Tunawaandikia juu ya jambo ambalo vidonge vyetu haviwezi kulimaliza, kwa kuwa haliamuliwi hospitalini. Linaamuliwa madhabahuni, kwenye mimbari na jikoni: nani ale, ale nini, na nani akae na njaa kwa jina la Mungu au la mababu. Anayebeba uzito wa maamuzi hayo kuliko wote ni binti na mama kijana. Tunachoomba ni vitu viwili, na ninyi pekee ndio mnaoweza kuvitoa. Kila mnapotangaza mfungo, tangazeni palepale watu ambao hawaruhusiwi kuufunga. Na kila mwiko wa chakula unaomgusa mwanamke peke yake, uondoeni hadharani, kwa sauti ileile iliyouweka.

Kwa nini binti, wala si kaka yake? Kwa sababu ya damu. Binti anayepata hedhi anahitaji madini ya chuma miligramu 15 hadi 18 kila siku. Kijana wa kiume wa umri huo zinamtosha 8 hadi 11. Binti huyo akishika mimba, mahitaji yake yanapanda hadi 27. Sasa tazameni sahani yake. Gramu 200 za maharagi yaliyoiva zina chuma kama miligramu 4 hadi 5, na mwili hunyonya sehemu ndogo tu ya hizo, maana chuma cha mimea kinashikwa na ganda la mbegu na kinashikwa tena na chai inayonywewa juu ya chakula. Chuma cha nyama, maini na samaki hupita kwa urahisi zaidi, lakini hivyo ndivyo vinavyogawiwa baba, wageni na wavulana kwanza.

Hapa mjini kuna jambo jingine linalotudanganya hata sisi wenyewe. Mwanamke asiye na mimba huhesabiwa kuwa amepungukiwa damu akiwa na hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita, na mwenye mimba chini ya 11. Hivyo ni vipimo vya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya bahari, na nyumba zetu nyingi ziko juu zaidi. Mwili wa mtu wa milimani hutengeneza damu nyingi zaidi ili kushika hewa iliyo nyepesi, na ndiyo sababu OMS (Shirika la Afya Duniani) inaagiza kikomo kipandishwe kadiri mtu anavyoishi juu. Binti wa Kadutu aliyeandikiwa 12 kwenye karatasi, akaambiwa yuko sawa, huenda tayari hana damu ya kutosha. Huyo ndiye anayeingia kwenye mfungo wa siku tatu.

Tuseme wazi juu ya mfungo huo, wale wanaouita mfungo wa Esta, bila chakula na bila maji, siku tatu usiku na mchana. Unapendwa sana na wasichana, hasa wanaoomba ndoa, mtoto, diploma au visa. Hatuji kushindana nanyi juu ya maombi. Tunaeleza tu kinachotokea mwilini. Sukari iliyowekwa akiba kwenye ini huisha ndani ya siku moja hivi, kisha mwili huanza kuchoma mafuta na misuli. Hayo mtu mzima mwenye afya anaweza kuyavumilia. Maji ndiyo hayana akiba. Anayekaa bila kunywa huku akipanda na kushuka vilima vya Kadutu, akiimba na kupiga magoti usiku kucha, mkojo wake unakuwa mzito na mchache, kichwa kinagonga, shinikizo la damu linashuka, na anaposimama ghafla anaanguka. Wasaidizi wa ibada wakikimbilia kusema ni pepo limetoka, tunawaomba kwanza wamlaze chali, wainue miguu yake, na akizinduka wampe maji yenye sukari. Asipozinduka haraka, hakuna kumtia kitu mdomoni: alazwe kwa ubavu na apelekwe kituo cha afya.

Kwa mwenye mimba hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mtoto anakula sukari ya mama bila kusubiri. Mama huyo akikosa chakula, mwili wake unafikia ile hali ya njaa mapema kuliko wa mwanamke mwingine. Lakini mwenye mimba anayejulikana si shida yetu kubwa. Tumbo likionekana, hata mchungaji mkali humwambia akae. Shida ni yule ambaye hajui. Mrija unaokuja kuwa uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hufungika kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutunga, wakati ambapo wanawake wengi ndio kwanza wanaona hedhi imechelewa. Ni katika majuma hayo mwili unahitaji asidi foliki, inayopatikana katika lengalenga (mchicha), maharagi na maini. Mke kijana aliyeolewa Januari, akaingia mfungo wa siku 21 wa kufungua mwaka, yuko hatarini na hakuna anayemwona, hata yeye mwenyewe. Kwa hiyo tunaomba tangazo lisiseme "wenye mimba" peke yake. Liseme: wenye mimba, wanaoweza kuwa na mimba, na wanaonyonyesha.

Anayenyonyesha anahitaji karibu kalori 500 za ziada kila siku, na maji zaidi. Maziwa hayakauki kwa siku moja, na ndiyo maana watu hudhani hakuna madhara. Mwili unamlipia mtoto kwa kumnyang'anya mama.

Halafu kuna wanaotumia dawa, na hapa tunawasihi. Mwenye kisukari anayechoma insulini akikosa kula anaweza kupoteza fahamu kwa muda wa saa chache. Dawa ya malaria ya artemeta-lumefantrini inahitaji chakula chenye mafuta kidogo ili iingie mwilini; ikimezwa tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa inapotea na malaria inarudi. Kinini inashusha sukari ya damu, na kwa mwenye mimba inaishusha zaidi, kwa hiyo kinini na mfungo ni vitu viwili ambavyo havipaswi kukutana katika mwili mmoja. Mwenye dawa za kifua kikuu au za ukimwi haachi hata siku moja, kwa sababu vidudu vinatumia siku hiyo kuizoea dawa. Wala aliye chini ya miaka 18 hafungi kabisa, kwa sababu bado anajenga mifupa na nyonga atakayozalia.

Haya hayapingani na vitabu vyenu. Kanisa Katoliki katika sheria yake ya mwaka 1983, kanuni ya 1252, linaanza kumdai mtu mfungo akishatimiza utu uzima na kumwachilia anapoingia mwaka wa sitini. Wa miaka 14 anadaiwa kujizuia nyama tu. Katika Uislamu, Sura ya Baqara aya ya 184 na 185 inamruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyingine. Mwenye hedhi hafungi, na wanazuoni wamempa ruhusa mwenye mimba na anayenyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto. Ndugu wachungaji, mnamkumbuka Sauli katika 1 Samweli 14, alivyowaapisha askari wasionje kitu mpaka jioni, watu wakalegea kabisa, na Yonathani akasema baba yake ameitaabisha nchi. Mnakumbuka pia Mathayo 15:32, Bwana alipokataa kuwaaga watu na njaa wasije wakazimia njiani. Ruhusa imo vitabuni. Haisikiki mahali binti anapokaa, kwenye benchi la nyuma, akiogopa kuitwa mwenye imani haba kama atakunywa maji.

Ndiyo maana tunasema itangazwe, isiachiwe mtu ajitafutie. Binti hatainua mkono mbele ya kanisa zima kusema yuko kwenye hedhi au huenda ana mimba. Mchungaji akitaja makundi yote kwa pamoja, kila mmoja anajiondoa kimya bila kuulizwa. Mashemasi wa kike waagizwe wasimhoji mtu kwa nini amekula. Na wasiofunga wapewe ibada yao: kusoma, kutembelea wagonjwa, kupikia wanaofungua. Isaya 58:7 inahesabu kumgawia mwenye njaa chakula kuwa ndio mfungo wenyewe.

Kwa wenye afya wanaotaka mfungo mrefu, Biblia ileile ina njia nyingine. Danieli alikula mboga na kunywa maji siku kumi, na katika sura ya 10 aliacha nyama na divai kwa majuma matatu, lakini hakuacha kula. Mfungo wa namna hiyo kwa Bukavu unawezekana kabisa: maharagi, lengalenga, viazi, avoka, matunda, na maji si chini ya lita mbili kwa siku. Ukizidi majuma matatu, warudishe sambaza (dagaa wa ziwani) au yai.

Kufungua nako kuna namna yake, na watu wengi huumia hapo. Baada ya siku moja au mbili bila kitu, anza na maji: lita moja safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe taratibu. Baada ya nusu saa, kikombe cha uji mwepesi wa masoso (unga wa mahindi, soya na mtama). Bugali, nyama ya kukaanga na pilipili visubiri mlo unaofuata. Aliyekaa siku tano au zaidi karibu bila chakula asifungue kwa karamu hata kidogo. Chakula kingi kikiingia ghafla, chumvi fulani za damu zinavutwa ndani ya chembe za mwili, na moyo unaweza kuvurugika. Huyo aanze na vikombe vidogo vya uji mara sita kwa siku, aongeze polepole kwa siku tatu au nne; akivimba miguu, akihema kwa shida au moyo ukimwenda mbio, aende hospitali siku hiyohiyo.

Waislamu wa mji wetu wana nafuu moja: tuko karibu na ikweta, kwa hiyo saumu ya Ramadhani hapa ni ya saa 13 na kidogo, mwaka wowote. Tatizo linalotupata mara nyingi ni daku. Binti aliyebaki kupika futari na kuosha vyombo hadi usiku hulala na kuikosa daku, au hunywa chai na mkate tu, kisha anafunga. Daku iwe na maharagi au mayai, ndizi au viazi, na maji vikombe viwili. Chai iachwe, maana inazuia chuma. Imamu akisema Ijumaa kwamba kupika daku ni kazi ya nyumba nzima, amefanya zaidi ya semina yetu yoyote.

Juu ya vyakula vinavyokatazwa na dini hatuna ugomvi. Waadventista na waislamu hawali nguruwe. Wakimbangu hawali nguruwe wala nyani. Waadventista wanaacha na kambare kwa kuwa hana magamba. Hakuna kati ya hivyo ambacho binti hawezi kuishi bila hicho, na sambaza wa ziwani wana mapezi na magamba. Neno moja tu kwa Waadventista wanaoacha nyama zote: vitamini B12 haipatikani katika mboga wala maharagi. Binti huyo lazima apate maziwa, mashanza (maziwa mgando) au mayai, la sivyo baada ya miaka michache damu yake inaharibika na mikono na miguu inakufa ganzi.

Kwenu, wazee wa mila. Mnajua kuliko sisi kwamba katika nyumba nyingi za milima hii kuku na mayai havikuwa chakula cha mwanamke, na mbuzi au kondoo navyo katika koo nyingine. Mjini wengi wameacha. Lakini mwiko haufi kwa siku moja, na tunaukuta ukirudi wakati wa mimba, ambapo binti anaambiwa na mama mkwe kwamba mayai yatamfanya mtoto kuwa mkubwa mno au kumzuia kuzaa salama. Binti anayeogopa upasuaji anajinyima. Anachopata ni mtoto mwepesi na mama asiye na damu, na asiye na damu ndiye anayekufa kwa kutoka damu ambayo mwingine angeistahimili. Nyonga ndogo inatokana na kukosa chakula utotoni na kuzaa kabla ya kukomaa. Yai halihusiki.

Mwiko huo unafanya ubaya mwingine ambao wachache wanauona, kupitia muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Mwili unaiyeyusha kwa kutumia protini zenye kiberiti, ambazo ziko kwa wingi katika mayai, samaki, nyama na maziwa. Asiyepata hivyo hana cha kuivunjia sumu. Unga wa muhogo uliolowekwa haraka ukikutana na mtu wa namna hiyo kwa majuma mengi, anaweza kupata konzo: miguu inakakamaa kwa siku moja na haiponi tena. Ugonjwa huo umeshaonekana katika Kivu Kusini, upande wa Burhinyi, na kila mahali unapotokea huwachagua watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Mila ikimnyima mwanamke yai, vita ikamlazimisha kuvuna mapema na kuloweka usiku mmoja, matokeo ndiyo hayo.

Muhogo mchungu ulowekwe siku tatu hadi nne mpaka ulainike wote, ndipo ukaushwe. Kama unga umeshanunuliwa na haujulikani ulitengenezwaje, upo ufundi rahisi: changanya unga na maji, utandaze juu ya sinia au turubai kwa unene usiozidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu itoke hewani, kisha songa bugali siku hiyohiyo, maana ukilala unachacha. Sombe (majani ya muhogo) nayo itwangwe vizuri, ichemshwe bila kufunikwa, na mawese yatiwe mwishoni bila kuyaunguza hadi weupe, kwa kuwa wekundu wake ndio vitamini A.

Wazee, mila yenu ina upande ambao tungependa ukue. Mama aliyejifungua anawekwa ndani, anapikiwa supu, nyama, uji, anapumzishwa. Ni desturi nzuri sana. Tunaomba ianze miezi sita kabla ya kuzaa, na kasiksi itoke humo, kwa sababu pombe haileti maziwa na inamfikia mtoto kwa njia ya titi. Kwenye arusi na matanga pia, anayegawa nyama ni mtu wenu. Mwambieni vipande vya kuku na maini vifike kwenye sahani za wasichana wanaopika. Kiini kimoja cha yai au kipande cha maini cha ukubwa wa viganja viwili vya mtoto kwa juma kinaonekana kidogo, lakini kwa binti ambaye hapati kingine kina maana kubwa.

Wakuu wa shule, hasa zenye internati (bweni): bugali na maharagi kila siku vinaweza kutengenezwa bila kuongeza bei sana. Loweka maharagi saa 12, mwaga yale maji, pika kwa mapya. Yanaiva haraka na chuma kinafunguka zaidi. Maharagi yenye chuma kingi yaliyosambazwa na watafiti wa kilimo wa INERA Mulungu, hapa Kabare, yana karibu mara mbili ya yale ya kawaida; ulizeni mbegu hizo kwa wakulima wenu. Nunueni sambaza zilizokauka vizuri, zisizo na ukungu wala mchanga, zikaangwe bila mafuta dakika tano, zitwangwe, zichekechwe, zihifadhiwe kwenye chombo kikavu kwa muda usiozidi mwezi mmoja. Kijiko kikubwa kimoja kwa kila msichana, kitiwe kwenye maharagi yanapokaribia kuiva. Kipande cha limau au pera juu ya mlo kinaongeza chuma kinachoingia. Chai itolewe saa moja au mbili baada ya chakula.

Na kidonge. OMS inashauri mabinti wanaopata hedhi, mahali upungufu wa damu ulipoenea, wapewe kidonge kimoja kwa juma chenye miligramu 60 za chuma na 2.8 za asidi foliki, miezi mitatu mfululizo, kisha miezi mitatu ya kupumzika. Kimezwe baada ya kula, siku ileile ya juma. Choo kitakuwa cheusi, na tumbo linaweza kusumbua mara za kwanza. Wasipoambiwa mapema, wanakitupa. Wenye seli mundu wasipewe kabla ya kuonwa na daktari. Kinachoharibu kazi hii ni uvumi kwamba ni dawa ya kuzuia uzazi. Muuguzi hawezi kuushinda uvumi huo. Padri, mchungaji na imamu wakimeza kidonge hicho mbele ya wazazi siku ya kwanza, unaisha.

Kwa wanaosimamia afya: katika kila CPN (kliniki ya wenye mimba) liongezwe swali moja kwenye fishi, "Unafunga? Namna gani, siku ngapi?", na lingine, "Kuna chakula ulichokatazwa?" Mkono wa mama upimwe kwa mkanda, ukiwa chini ya sentimita 23, asiondoke na kidonge tu bali na mpango wa kula, na anayempikia nyumbani aitwe. Mama mkwe mara nyingi ndiye mwenye ufunguo wa jikoni. Akifundishwa binti peke yake, hakuna kinachobadilika.

Tuko tayari kuja katika parokia, kanisa au msikiti wowote wa mji huu kabla ya mfungo unaofuata, kukaa na mashemasi wa kike na mama viongozi kwa muda wa saa mbili, na kuandika pamoja nao tangazo lenye maneno ya dini yao wenyewe. Tunaomba mtujulishe tarehe ya mfungo angalau majuma mawili mapema, ili vituo vya afya vilivyo karibu viwe na glukozi, kipimo cha sukari na mtu wa zamu usiku wa mkesha.

Wauguzi, wakunga na watu wa lishe wa Bukavu